Shu ya Tanuruni Niliyokula Peke Yangu

Kama kuna siku ulipewa sahani yako, ikaoshwa kando, ikaanikwa kando, na watoto wakaambiwa wasiiguse, basi ninaongea na wewe. Mimi nimepona. Ninalisema hilo mapema ili usisome kwa woga ukidhani mwishoni utanizika. Sikuandika haya kwa ajili ya wazima. Wazima wana kazi zao.

Mimi ni Riziki, lakini hapa Burungu jina hilo hakuna anayelijua. Mimi ni Mama Neema, mama wa mikate. Nilizaliwa Kalembe, kule Masisi inakopakana na Walikale, nikaolewa huku juu kwenye baridi na ng'ombe. Nyuma ya nyumba tuna tanuru la matofali na udongo lenye tumbo kubwa na mdomo mdogo. Kila asubuhi nilikuwa nalipasha moto, nachomoa makaa, nafagia majivu, kisha naingiza mikate. Watoto wa shule walikuwa wanapita na kusema, "Mama Neema, bonjour," macho yote kwenye sinia.

Kikohozi kilianza kwenye mvua za kwanza, watu walipokuwa wanapanda maharagi. Nikasema ni moshi. Mwokaji gani asiyekohoa? Lakini mwili nao ukaanza kunitoroka. Kitenge kilichokuwa kinanizunguka mara moja kikanizunguka karibu mara mbili. Asubuhi moja nikakanda unga, nikatoa mikono, pete ya ndoa haipo. Ilibidi nivunjevunje donge zima nikiitafuta, na nilipoivaa tena ikaanguka palepale. Papa Neema, mume wangu, alicheka. Mimi pia nilicheka, halafu nikakohoa mpaka nikakaa chini.

Mama mkwe wangu hakucheka. Anaitwa Koko Yudita, koko ndiyo kusema bibi huku kwetu, na ni mwanamke ambaye akishafikiri jambo, jambo hilo limeshakuwa kweli.

"Hii haiko kikohozi ya bure," akasema. "Batu bamekupa karuho."

Wewe wa mbali, karuho ni sumu ya polepole. Watu wa kwetu wanaamini mtu anakutilia kwenye chakula ama kwenye pombe huku akikuchekea, halafu unakauka kidogo kidogo mpaka unaisha. Kwa sababu yake tuna desturi: anayekupa chakula anaonja kwanza mbele ya macho yako. Asipoonja, hauli. Hata harusini ni hivyo. Hakuna anayeona haya kudai, na hakuna anayekasirika kudaiwa.

Basi nikapelekwa kwa mzee mmoja anayetapisha. Alininywesha majani machungu, nikatapika hadi nikaona nyota, naye akachovya kidole humo na kutoa kitu kama unywele uliojikunja. "Njo hii," akasema. "Ni mwanamuke alikupatia, na hakuonja." Hakutaja jina. Afadhali angetaja! Tangu siku ile nyumbani kwetu ikawa ni kuangaliana tu. Wazee wanasema kikulacho ki nguoni mwako, na Koko alikuwa anazikagua nguo za kila mtu. Hakuna chungu kilichofunuliwa bila mpishi kuonja. Hata maji ya kunywa yalionjwa. Na mimi nikaendelea kukauka vilevile, karuho ikiwa imeshatolewa, eti.

Siku niliyokohoa damu kwenye unga ndiyo siku niliyofunga tanuru. Papa Neema akanipakia kwenye moto, ndiyo pikipiki, dereva akatupitisha kwenye matope hadi kituo cha afya.

Pa kungojea pale kituoni ni benchi refu la nje, chini ya bati, mahali upepo unapopita. Wenye kikohozi tunawekwa pale, tena tunakaa mbalimbali kama watu waliogombana. Mwenzangu wa benchi alikuwa Papa Musafiri, mwindaji kutoka misitu ya Walikale, mwembamba, kofia ya ngozi kichwani. Alishika kikopo chake cha makohozi kwa heshima kabisa.

"Miye nilizoea kungojea nyama," akaniambia. "Sasa niko nangojea makohozi. Na yenyewe inajua kujificha!"

Nilicheka mpaka yangu yakatoka. Akasema, "Unaona? Nimekusaidia."

Munganga, ndiyo daktari wa kituo, msichana mwenye barakoa na macho ya upole, hakuzungusha maneno. "Mama, iko kifua kikuu. Inapona. Lakini dawa ni miezi sita, na usikose hata siku moja. Na ukule. Ile dawa haipendi tumbo ya bure." Akaniambia pia kwamba kwa mwanzo nilale peke yangu, dirisha wazi, nifunike mdomo nikikohoa.

Nilifikiri sasa mambo ya karuho yameisha. Mh! Hamumjui Koko. Alisikiliza yote, akatikisa kichwa. "Sawa. Karuho ilifungua mulango, kifua kikuu kikaingia. Lakini nani alifungua mulango?" Kwa hiyo nikawa na magonjwa mawili, moja la kituo na moja la nyumbani.

Nikahamia kwenye kibanda cha mikate, kando ya tanuru. Magunia ya unga yakatolewa, godoro likaingizwa. Papa Neema alikuwa malishoni na ng'ombe siku nyingi, na akirudi alisimama mlangoni, mkono kwenye mwimo, akaniuliza hali yangu kama jirani. Simlaumu. Alikuwa anaogopa, na mtu anayeogopa anakuwa na adabu nyingi.

Neema, mtoto wangu wa pekee, alikuwa na miaka tisa. Yeye ndiye aliyeniletea chakula. Aliweka sahani juu ya jiwe la mlangoni, akasema, "Mama, nimeweka," kisha akakimbia kama alivyoagizwa. Nikatoka, nikamwona mgongo tu. Miezi ile nilimjua mwanangu kwa mgongo: gauni limechanika wapi, nywele zimesukwa lini, nani amezisuka badala yangu.

Kwetu watu wanakula sahani moja. Bugali katikati, mboga kando, mikono inakutana. Mtoto akimega tonge kubwa unamgonga kidole, mume akipenda kipande unamsukumia bila kusema. Nikuambie kweli, kifo sikukiogopa sana. Nilichoogopa ni Neema kukua akiwa amesahau kula na mimi. Katika miezi yote ile nilikuwa na ombi moja tu kwa Mungu: mkono wangu urudi kwenye sahani ya watu wangu.

Dawa zenyewe, tusidanganyane. Mkojo unakuwa mwekundu kama maji ya maua ya ngai-ngai, na siku ya kwanza nilipiga kelele nikidhani ninakufa. Viungo vinauma kama umelima kilima kizima. Na mdomo! Kila kitu kilikuwa na ladha ya msumari. Sombe, ndiyo kisamvu, yenye mawese, chakula nilichokipenda kuliko vyote, ikinukia tu kutoka jikoni nilikuwa nafunika pua na kitenge. Wanasema mgonjwa haulizwi uji. Mimi ningependa sana kuulizwa. Nilipewa sombe, nikapewa maharagi, nikapewa sambaza, vile visamaki vya ziwani, kutoka Bweremana, vyote kwa upendo, vyote nikawarushia kuku nyuma ya kibanda. Kuku wa nyumba ile walinenepa. Mimi nilikuwa nameza dawa kwenye tumbo tupu, na tumbo likanichukia.

Halafu barabara ya Goma ikafungwa, kama inavyofungwa. Shu, ndiyo kabeji, zikawa hazina pa kwenda. Zilirundikana mashambani, watu wakawapa ng'ombe. Asubuhi moja ya ukungu nilikuwa natetemeka, nikasema potelea mbali, nikawasha tanuru ili niote moto tu. Lilikuwa baridi tangu nilipoacha mikate. Nani angenunua mkate wa mtu anayekohoa? Papa Neema alikuwa ameacha shu mbili mlangoni, sijui kwa ajili yangu ama kwa ajili ya ng'ombe. Nikachukua moja, nikairusha ndani nzima nzima, kwa hasira zaidi kuliko kwa njaa.

Ilitoka nyeusi kama kofia ya muuza makaa. Nikaipasua. Nje ni mkaa, katikati bado inalia maji, lakini baina ya hapo kulikuwa na majani laini, ya manjano, yanayotoa harufu kama ya ganda la mkate. Nikatia chumvi. Ilikuwa tamu. Sikuonja msumari. Nilikula nimesimama, vidole vikiungua, machozi yananitoka, na hakuna aliyeniona. Chakula kile kilikaa tumboni. Na mimi nilikaa nikikingoja kirudi, hakikurudi.

Basi mwokaji ndani yangu akaamka. Nitakuelekeza, maana labda na wewe tumbo lako linakataa.

Chukua shu ngumu, ile inayolia ukiigonga. Ikate vipande vinne, lakini kisu kipite kwenye shina ili kila kipande kibaki na shina lake, la sivyo majani yatatawanyika. Ioshe, kisha ikung'ute maji yote. Hapa wengi wanakosea: shu yenye maji haichomeki, inachemka tu. Tia mafuta kidogo kwenye kiganja, ipake kama unavyompaka mtoto baada ya kuoga, mpaka kwenye mikunjo. Chumvi. Kitunguu saumu kama unacho. Ukipata arikoveri, yale maharagi mabichi ya maganda, yapake pia na uyatupe pembeni ya sinia, kwa kuwa yanaiva upesi.

Sasa moto. Sisi waokaji hatuna saa ya kupimia, tuna Baba Yetu. Unachomoa makaa, unafagia, unaingiza mkono tumboni mwa tanuru na kuanza kusali. Ukilazimika kuutoa ulipofika kwenye mkate wa kila siku, ni moto wa mkate. Kwa shu huo ni mkali mno. Ngoja. Ukiweza kufika kwenye Amina bila kutoa mkono, ingiza sinia, ziba mdomo kwa bati, usichungulie. Geuza mara moja. Ncha zikiwa kahawia na kisu kikiingia kwenye shina bila kubishana, toa. Asiye na tanuru atumie chungu kizito, makaa chini na makaa juu ya kifuniko. Si sawa kabisa, lakini inakubalika.

Koko alinusa harufu, akaja hadi kwenye ua, hakuvuka.

"Majani inapikwa mu chungu," akasema. "Mu tanuru ni ya mukate. Nani alikufundisha?"

"Njaa, Koko."

"Ng'ombe pia iko na njaa, lakini haikaangi majani yake."

Akaenda zake. Nilipenda aliponitania. Ilikuwa wiki nyingi hajanitania mtu.

Nikawa nakula shu na viazi kila siku, na nyama ikarudi kidogo mashavuni. Lakini nisikudanganye, kula vizuri peke yako ni upweke wa aina yake. Kitu kikiwa kibaya unakimeza na kusahau. Kikiwa kitamu unageuza kichwa kumtafuta mtu wa kumwambia, na unakuta ukuta. Nilizoea kugawa vipande vinne kana kwamba tuko wanne. Cha Koko, cha Papa Neema, cha Neema, changu. Kisha nilivila vyote, kimoja baada ya kingine, kwa mpangilio huo.

Baada ya miezi miwili nikapima tena. Munganga akatoka na uso umekunjuka. "Mama, makohozi iko safi. Dawa haijaisha, utaendelea. Lakini hauambukize tena. Unaweza kula na batu yako." Nilitaka kumkumbatia. Nikamtafuta Papa Musafiri benchini nimwambie, hakuwepo. Nikauliza. Hakuna aliyejua, labda alirudi msituni, labda alichoka njia. Mwezi uliofuata nilimwachia nafasi kwenye benchi, na uliofuata pia. Sijapata habari zake hadi leo, na ninamwombea.

Nilirudi karibu nikikimbia, kifua kikinipiga. Papa Neema alikuwa anakamua. Nikamwambia yote.

Akaangalia ndoo. "Bon," akasema. "Tungojee kwanza."

"Tungojee nini? Munganga amesema!"

"Umalize dawa. Kuko mutoto mu nyumba."

"Mutoto wangu."

"Mama Neema, miye sijakataa. Niko nasema tungojee."

Nilimtupia maneno ambayo sitayaandika, maana naye atasoma haya. Nikamwambia kwamba ng'ombe wake wakiugua anawashika pua kwa mikono mitupu. Akaendelea kukamua. Ilikuwa kweli. Nikarudi kibandani. Jioni ile Neema akaweka sahani juu ya jiwe, akasema, "Mama, nimeweka," akakimbia. Nililia kuliko siku ya damu. Wakati ule ugonjwa ulikuwa wangu. Sasa ugonjwa umetoka, na sahani imebaki.

Ndiyo miezi minne iliyofuata. Mvua kubwa zikapita, maharagi yakang'olewa, njia zikakauka, vumbi likaanza kupanda nyuma ya mifugo. Nikameza cha mwisho. Wakapima, wakasema nimepona, munganga akanipigia makofi pale nje mbele ya wanaongoja. Nikawaona wale wapya wakinitazama, nikajua nilitazamaje watu mimi nilipokuwa mpya.

Jumapili iliyofuata sikungoja ruhusa ya mtu. Niliwasha tanuru kabla ya misa. Nikachagua shu mbili kutoka bustanini, nikapaka, nikatia chumvi, nikasali na mkono ndani hadi Amina, na safari hii nilisali kweli. Shu ikatoka kahawia nchani, inang'aa, arikoveri zimejikunja pembeni. Nikavaa kitenge changu cha misa, ambacho kilinikaa tena, nikabeba sinia kwa mikono miwili na kuingia nyumbani kwangu kama mgeni.

Walikuwa wamekaa chini kuzunguka bugali. Nikaweka sinia katikati. Nikakaa. Hakuna aliyesema niondoke, na hakuna aliyesogea kunipa nafasi.

Koko akaangalia shu, akaniangalia. "Onja kwanza," akasema.

Ilikuwa haki yake. Nikachukua kipande kimoja, nikauma, nikatafuna, nikameza, wote wakitazama koo langu. Kile kipande nikakirudisha pembeni ya sinia, na alama ya meno yangu juu yake. Kisha nikangoja mikono ije.

Haikuja. Papa Neema alikuwa anaangalia zile alama za meno. Neema alikuwa amekunja vidole vyake mapajani, anamtazama baba yake. Bugali ilikuwa inapoa. Hapo ndipo nikaelewa mtego niliokalia, na hasira ikanipanda kutoka kwenye nyayo.

"Basi nifanye namna gani?" nikasema. "Nisipoonja, munaogopa karuho. Nikionja, munaogopa kinywa yangu. Munataka nilete kinywa ya nani? Museme, niende kuiazima!"

Sauti yangu ilikuwa kubwa, na sikukohoa hata kidogo. Nadhani kila mtu alilisikia hilo. Mimi mwenyewe nililisikia.

Koko Yudita akanyoosha mkono wake mkavu. Ukapita vipande vizima vyote, vyenye mafuta na visivyoguswa na mtu, ukakishika kile nilichouma. Akauma palepale, juu ya meno yangu. Akatafuna muda mrefu, maana meno yake ni machache.

"Chumvi imepunguka," akasema.

Papa Neema akatazama chini, akamega bugali, akachukua shu upande wake wa sinia. Alikula taratibu na hakuinua macho. Nilikubali hivyo. Lakini Neema hakutaka upande wake. Alisogea kwa magoti hadi kwangu, begani, joto lake lote la miezi yote ile, akapeleka mkono kwenye kipande kipya nilichokuwa nimekichukua na kuanza kukila mimi.

Na mimi, Mungu anisamehe, nikakinyakua. Nikageuza uso, nikafunika mdomo kwa kitenge, nikamsukuma mtoto kwa kiwiko, na kusema, "Hapana! Chukua ya kwako!"

Neema akarudi nyuma, amekodoa macho. Mkono wangu uliofunika mdomo haukutaka kushuka.

Koko akanipiga juu ya mkono huo, kofi dogo, kama anavyompiga mtoto anayechezea moto.

"Mama Neema," akasema. "Umepona. Acha mutoto akule."